Bandari ndogo ya manispaa, bajeti haitoshi: ukaguzi uanzie wapi?

Gati_la_Mji:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaosimamia au kuhudumia bandari ndogo za umma. Siongelei bandari ya meli za makontena. Hii ni ya mji mdogo: gati moja la kudumu, sakafu ya zege juu ya nguzo za chuma, urefu mita 90, magati mawili ya kuelea yenye nafasi 60 za vyombo, maboya 35 ya kufungia vyombo nje kidogo, mteremko wa kushushia boti, pampu ya dizeli na petroli, masanduku ya umeme na maji kwenye magati ya kuelea, vyoo, na njia ya waenda kwa miguu kandokando ya maji. Wakati wa bamvua (siku za maji makubwa), tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3. Watumiaji ni wavuvi, boti za abiria, boti za starehe na watu wanaokuja kupunga upepo tu.

Baraza la madiwani linataka fedha za mwaka huu ziende kwenye taa, mabenchi na rangi ya reli za njia ya miguu. Hali ilivyo huku chini ni hii:

Kwenye nguzo za chuma, juu kidogo ya usawa wa maji ya chini kabisa, kuna mabaka ya rangi ya chungwa kali. Minyororo ya maboya haina rekodi yoyote. Soketi kadhaa za umeme hujikata mara kwa mara, na wenye boti wanadai vifaa vya kukata umeme viondolewe. Mwishoni mwa mteremko matairi ya trela yanatumbukia na kunasa. Boti nne hazilipiwi ada na wenyewe hawaonekani.

Nina wafanyakazi wawili na boti moja ya kazi. Nianze na nini, kipi tunaweza kukifanya wenyewe, na kipi lazima aitwe mtaalamu?

---

Nguzo_na_Zege:

Mkuu, panga hivi: kwanza kile kinachoweza kuua mtu leo, pili kile kikivunjika kinavunja na vingine, tatu ndipo kinachowasumbua watumiaji. Kwa uliyoyaeleza, umeme uko namba moja, na fundi wa umeme atakujibu vizuri kuliko mimi. Mimi nizungumzie nguzo, kwa sababu mabaka hayo si ya kupuuza.

Kutu ya kawaida ya baharini ni ya kahawia, ngumu, na imeshika. Baka la chungwa kali lililo laini, katika ukanda mwembamba karibu na maji ya chini kabisa, mara nyingi ni ulaji wa chuma unaochochewa na bakteria. Jaribio lake ni rahisi: kwangua kwa spachula. Ukikuta chini yake ute mweusi wenye harufu ya yai viza, na chini ya ute huo chuma kinachong'aa chenye vishimo vishimo, ndio wenyewe. Katika ukanda huo chuma kwa kawaida hupoteza sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, au chini ya hapo. Kwa ulaji huu kinaweza kupoteza nusu milimita, hata milimita nzima. Nguzo yenye unene wa milimita 10 iliyohesabiwa kudumu miaka 50 inaweza kutoboka kabla ya kufika nusu ya umri huo, na juu ya maji ukaiona nzima kabisa.

Kazi ya wafanyakazi wako: subirini bamvua, maji yakipwa kabisa ingieni na boti chini ya gati. Zipeni nguzo zote namba kuanzia ufukweni, mistari kwa herufi, na muandike namba hizo kwa rangi juu ya usawa wa maji ya kujaa. Pigeni picha ya kila baka pamoja na rula. Hiyo pekee itakupa ramani ya tatizo bila gharama yoyote.

Kazi ya mtaalamu: mzamiaji mwenye kipima unene kinachotumia mawimbi ya sauti. Kwenye kila nguzo asafishe vipande vya kama sentimita 15 kwa 15 katika viwango vinne: pale mawimbi yanaporukia, kwenye ukanda wa baka, katikati ya maji, na karibu na tope. Kila kipande apime mara tatu, na kwenye hesabu itumike namba ndogo kuliko zote. Usikubali wastani, maana nguzo hutobokea pale ilipo nyembamba. Halafu linganisha na unene wa awali kwenye michoro. Kama michoro imepotea, apime sehemu iliyozama kwenye tope, aifukue kidogo. Huko chuma huwa hakijaliwa sana.

Mpaka majibu yapatikane, zuia malori kupanda gati. Weka vizuizi vya zege mlangoni, kibao peke yake hakimzuii dereva. Samaki watolewe kwa mikokoteni kwa muda. Najua wavuvi watalalamika, lakini uzito wa gurudumu la lori juu ya nguzo ambayo hujui unene wake ni jambo usiloweza kulitetea mbele ya yeyote.

Tiba, kama ni ulaji huo: mabamba ya chuma yachomelewe palipoliwa sana, au nguzo ivikwe koti la zege, kisha vitalu vya alumini vya kujitoa mhanga vifungwe chini ya maji ili viliwe badala ya nguzo. Kupaka rangi juu ya baka hakufai kitu, bakteria wanabaki chini yake wakiendelea na kazi.

Zege: pita chini ya sakafu ya gati na nyundo ndogo. Sauti ya kupwaya maana yake zege imeachana na nondo. Nyufa zinazofuata mstari wa nondo na michirizi ya kahawia ni dalili hiyo hiyo. Hapa watu wengi hukosea kwa kuziba juu na saruji, kisha miaka miwili baadaye kiraka kinadondoka. Zege mbovu ichongwe mpaka nyuma ya nondo kwa milimita 20 hivi, ili kidole kipite kuizunguka, nondo isuguliwe hadi chuma cheupe, ndipo ijazwe. Tena kiraka kipya husababisha nondo ya pembeni yake kuanza kushika kutu kwa kasi, hivyo fungeni vipande vidogo vya zinki kwenye nondo kandokando ya kiraka kabla ya kujaza.

Jambo la mwisho kuhusu magati ya kuelea. Pima urefu wa vichwa vya nguzo zinazoyaongoza kutoka usawa wa maji ya kujaa ya bamvua kubwa kuliko zote. Dhoruba husukuma maji juu ya kiwango hicho, na nguzo zikiwa fupi gati linapanda, linavuka vichwa, linaondoka na boti zote zikiwa zimefungwa juu yake. Hapo hata kamba nzuri hazina msaada. Kama akiba iliyobaki juu ya bamvua haifiki mita moja na nusu, mwambie mhandisi wako alichunguze hilo mapema, kwa takwimu za dhoruba za mahali penu.

---

Mzamiaji_35:

Niongezee kwenye maboya. Kutokuwa na rekodi ndiyo hatari yenyewe, kwa hiyo mwaka wa kwanza kagua yote 35. Anza na yanayoshika vyombo vizito zaidi, na yaliyo upande upepo mkali unakotokea. Chombo kikikatika upande huo kinaporomokea vingine vyote vilivyo nyuma yake, na asubuhi hukuti hasara moja, unakuta sita.

Mnyororo hauliki sawasawa. Hulika zaidi sehemu mbili: pale unapogusa mchanga na kuinuka kwa kila wimbi, na viungo viwili vitatu vya mwisho chini ya boya. Sehemu inayolala kwenye tope muda wote inaweza kuwa karibu mpya huku mita mbili za hapo katikati zimebaki uzi. Mzamiaji anayekuambia "nimeuona, ni mzima" hajakagua kitu. Mdai apime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), mahali viungo viwili vinapokutana, akivitenganisha kwanza, vipimo viwili vinavyokatana kwa pembe mraba.

Kiwango changu cha kubadilisha: robo ya unene ikishaliwa. Mnyororo wa milimita 20 ukifika 15, utoke. Baadhi ya bandari husubiri theluthi, mimi sikubaliani nalo. Nguvu ya mnyororo hufuata eneo la mkato wake, wala si unene peke yake: 15 kwa 20 ni robo tatu, lakini robo tatu mara robo tatu ni 0.56. Kwa hiyo kilichopotea ni asilimia 44 ya nguvu, na bado miezi 12 kabla ya ukaguzi unaofuata.

Shakeli, yaani zile pingu za kuunganishia, ziwe kubwa hatua moja kuliko mnyororo. Pini ikazwe kwa spana, kisha ifungwe kwa waya ili isijifungue. Waya huo uwe wa chuma kilichopakwa zinki, kama shakeli yenyewe. Ukitumia waya au shakeli isiyoshika kutu kwenye mnyororo wa zinki, maji ya chumvi hugeuza metali hizo mbili kuwa betri, na zinki inaliwa haraka.

Uzito wa nanga: kitalu cha zege cha kilo 1,000 kikizama kwenye maji ya bahari hubaki na uzito wa kama kilo 570, kwa sababu maji yanakibeba. Chuma cha kilo 1,000 hubaki na kama 870. Wengi hununua kitalu kwa uzito wa nchi kavu na kudhani kazi imekwisha. Kwenye tope laini kitalu huzama na kushikwa, nguvu inaongezeka. Kwenye mwamba au mchanga mgumu kinateleza.

Nafasi kati ya maboya uihesabu maji yakiwa yamekupwa, si yakijaa. Maji yakishuka mnyororo unalegea na duara linapanuka. Chukua kina cha mita 4 maji kupwa na 7 maji kujaa, na mnyororo wa mita 20. Ukivutwa wote maji yakiwa chini, unafika karibu mita 19.6 kwa ulalo. Ongeza kamba ya mita 3 na chombo cha mita 8: nusu kipenyo ni takriban mita 30. Usichanganye mtindo wa vyombo pia. Boti nyepesi ya injini hufuata upepo, chombo chenye mkuku (uti wa chini) mrefu hufuata mkondo. Upepo na mkondo vikipingana vinageukiana na kugongana hata kama maduara yamepangwa vizuri kwenye karatasi.

Kamba ya kutoka boya hadi omo (mbele ya chombo), pale inapopita ukingoni, ivikwe kitambaa kizito kilichofumwa au ngozi. Bomba la plastiki huzuia maji yasiingie, na kamba ya nailoni inaponyooka na kurudi kwa saa nyingi za dhoruba hupata joto ndani ya bomba hadi kuyeyuka. Ukiipasua unakuta nyuzi zimegandana.

Daftari lenyewe: namba ya boya, mahali lilipo, uzito na aina ya nanga, unene wa mnyororo ulipofungwa, tarehe, vipimo vya kila mwaka, urefu na uzito wa chombo kinachoruhusiwa. Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika, kisha mtu anabadilisha boti ya mita 7 kwa ya mita 11 na kuifunga palepale.

---

Waya_na_Maji:

Kuhusu umeme, jibu la kwanza kabisa: usiondoe vifaa vya kukata umeme unaovuja, hata kwa siku moja, hata akiomba nani. Kikikata, kinakuonyesha kwamba umeme unatoka mahali usipotakiwa kutoka, na mahali penyewe ni maji.

Fahamu hili uweze kulieleza. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, hivyo sehemu kubwa ya umeme humzunguka. Maji matamu ni kinyume chake: mwili ndio njia rahisi, na umeme mdogo tu hushika misuli ya muogeleaji ikashindwa kufanya kazi, akazama bila kupiga kelele. Kama mto unaingia bandarini, baada ya mvua tabaka la juu la maji yako ni tamu. Kwa hiyo kuogelea kwenye magati yenye umeme kupigwe marufuku moja kwa moja, bila masharti ya chumvi. Na akionekana mtu anahangaika majini karibu na gati, mwokoaji akate umeme wa gati lote kwanza, asijirushe. Swichi kuu iwe na kibao kinachosomeka usiku.

Sasa kutafuta chanzo. Kanuni za kimataifa za umeme wa magati ya boti zinataka kila soketi iwe na kifaa chake cha milliampia 30. Magati ya zamani yana kimoja kwa soketi nyingi, na hapo ndipo ugomvi huanzia: boti 15 kila moja ikivujisha milliampia 2 au 3, jambo la kawaida kwa chaja na vichujio, jumla inavuka 30 na gati zima linazimika bila mbovu hata mmoja. Kama ndivyo kwenu, badilisha iwe kimoja kwa kila soketi, na cha juu, kinacholinda gati zima, kiwe kikubwa zaidi chenye kuchelewa kidogo, ili kosa la boti moja lisizime wengine.

Kama tayari kila soketi ina chake na bado inakata, fuata mpangilio huu. Chomoa boti zote, uangalie kama kinashika. Kisipo­shika, tatizo ni la kebo au soketi yako. Kikishika, rudisha boti moja moja, na kwa kila moja zungushia kipima umeme cha koleo kwenye waya wa moto na wa nuro (unaorudisha umeme) kwa pamoja, bila waya wa ardhi. Umeme unaokwenda na unaorudi ukiwa sawa, kipima kitasoma sifuri. Chochote kinachosomeka kimetokea njia nyingine. Wakosaji wa kawaida ni hawa: koili ya kuchemshia maji iliyopasuka, kichwa cha kebo kilichowahi kuanguka majini, boti ambayo fundi ameunganisha nuro na ardhi ndani yake, na kebo za nyumbani zilizounganishwa kwa gundi ya mkanda. Boti inayovuja haipewi umeme mpaka ilete karatasi ya fundi. Liandike hilo kwenye mkataba.

Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi, mfanyakazi wako anatosha kwa hilo. Mara moja kwa mwaka fundi apime kwa kifaa: kwa milliampia 30 lazima kikate ndani ya milisekunde 300. Kitufe huonyesha tu kuwa sehemu za ndani zinacheza, hakikuambii muda.

Kagua pia bawaba za daraja la kushukia gatini. Kebo zikipita pale hupindwa mara nne kwa siku, kujaa na kupwa, mwaka mzima. Ziwe kebo laini zenye ganda la mpira, zilizoachiwa mkunjo wa kutosha, zisisuguane na chuma. Na siku yenye boti nyingi, jioni, pita ushike vichwa vya soketi kwa nje: kilicho na joto kina pini zilizolegea, na alama ya kahawia kwenye plastiki ni moto unaosubiri nafasi.

---

Gati_la_Mji:

Nashukuru sana wakuu. Vizuizi vya malori nitaviweka wiki hii, na vifaa vya kukata umeme havitaguswa. Nimeangalia: gati la kwanza lina kifaa kimoja kwa soketi nane. Bado naomba msaada wa mteremko, boti zilizotelekezwa, na pampu ya mafuta. Kwenye mteremko nimeshauriwa nimwage mchanga na kokoto mwishoni. Ni sahihi?

---

Trela_Mbili:

Mchanga hapana, utakaa mpaka Jumamosi ya boti nyingi. Shimo hilo lina chanzo: watu wanapakia boti kwenye trela kwa kuisukuma na injini. Rafadha (pangaboi la injini) inachimba mwishoni mwa zege na kurundika kilichochimbwa nyuma, mita chache. Ukitia bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina) au ukapima kwa mti mrefu maji yakiwa yamekupwa, utakuta shimo halafu tuta; boti za mkuku zinagonga tuta, trela zinatumbukia shimoni.

Kokoto ndogo nazo zitarushwa. Jaza mawe ya milimita 150 hadi 300 juu ya kitambaa cha kuzuia mchanga usinyonywe, yaishie usawa wa zege au chini yake kidogo, yasizidi. Bora zaidi ni zulia la vitalu vya zege vilivyounganishwa kwa kebo, kwa sababu linajikunja kufuata chini na halirushwi. Kama siku moja mtajenga upya, ncha ya zege ifike walau mita moja chini ya maji ya chini kabisa, mteremko uwe kati ya asilimia 12 na 15. Chini ya 12 gari linalazimika kuingia majini ndipo boti ielee. Juu ya 15 matairi yanateleza wakati wa kuvuta. Mifereji ya uso iwe ya mshazari, kina milimita 25, ili maji yashuke na tope lisikae.

Kwa sasa, weka nguzo mbili pembeni zenye alama inayoonyesha zege inakoishia, ionekane hata maji yakijaa. Mwani usafishwe kwa kukwangua na maji ya presha, maji yakipwa. Dawa za klorini zisimwagwe pale, zinakwenda moja kwa moja kwenye samaki wa watu.

---

Ngama:

Mafuta kwanza, kwa sababu kuna kosa la hatari. Vizuizi vya kuelea vinavyozungushiwa mafuta yaliyomwagika ni vya dizeli na oili. Petroli ikimwagika usiizungushie: utakusanya mvuke mahali pamoja ukisubiri cheche. Zima pampu, ondoa watu, zima injini na vyanzo vya moto, ita zimamoto. Wafanyakazi wako wawili walijue hilo kwa moyo. Na sabuni isimwagwe juu ya dizeli. Mafuta hayaondoki, yanazama na kusambaa mahali usipoweza kuyakusanya.

Madumu na matangi ya kubebeka yajazwe yakiwa chini gatini, kamwe si ndani ya boti, mdomo wa bomba ukigusa chombo muda wote ili umeme tuli usirukie. Swichi ya dharura iwe mbali na pampu, mahali mtu anapoweza kufika bila kupita kwenye moto. Weka pia tangi la kupokea maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya boti) yenye mafuta na oili chafu. Bila mahali pa kuyapeleka, yatamwagwa usiku, na hakuna kibao kitakachozuia.

Boti nne zilizotelekezwa: kazi ya kwanza ni kuhakikisha hazizami. Kuinua boti iliyozama hugharimu mara nyingi zaidi ya kuitoa ikielea, na mafuta yake yanakuwa yako. Kwa hiyo leo hii piga picha, andika hali, angalia maji ndani, kamba na dafrau (mito ya kukinga ubavu wa boti). Kisha barua kwa anwani ya mwisho na tangazo lililobandikwa kwenye boti yenyewe, kwa muda ambao sheria yenu inautaka. Mwanasheria wa manispaa aipitie barua kabla haijatoka, kwani kesi nyingi hupotea hapo. Muda ukiisha, toa betri na mafuta, itolewe majini.

Ili yasijirudie, mkataba udai bima inayogharimia uondoaji wa mabaki ya chombo, na nakala mpya kila mwaka. Mkataba wa Kimataifa wa Nairobi wa 2007 kuhusu uondoaji wa mabaki ya meli unalazimisha bima kwa meli za tani 300 na zaidi, hivyo boti zako hazimo. Sharti hilo uliweke mwenyewe. Ada nayo itozwe kwa urefu wote wa chombo, pamoja na injini ya nyuma na mlingoti wa mbele unaochomoza, kwa sababu ndiyo nafasi kinachokula.

Kuhusu baraza: usiende kupinga taa. Taa za njia ya miguu zinahitaji mtaro wa kebo, na gati lako linahitaji kebo mpya kupita mulemule. Peleka mpango mmoja, mtaro uchimbwe mara moja. Pamoja na mpango peleka jedwali: kila kitu cha bandari, gharama ya kukibadilisha, miaka iliyobaki, na mgawanyo wake. Kitu cha gharama 100 chenye miaka 10 iliyobaki kinadai akiba ya 10 kila mwaka. Omba ada za bandari ziwekwe kwenye mfuko wake. Zikiingia kwenye kapu la jumla, mwaka wa kubadilisha gati utakuta zilishalipa barabara. Na weka mezani kiungo cha mnyororo kilicholiwa, kando ya kipya.

---

Mzamiaji_35:

Nyongeza moja ya ratiba. Picha za mabaka zipigwe wakati wa bamvua, maji yakiwa chini kabisa, kama alivyosema Nguzo_na_Zege. Lakini mzamiaji wa kupima unene na minyororo mpangie maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Mkondo ni dhaifu, maji hayana tope jingi, na anapata muda mrefu wa kufanya kazi kabla maji hayajageuka. Mpe nguzo na maboya kwa mkataba mmoja wiki hiyohiyo, ulipe usafiri wa vifaa mara moja. Siku ya kupiga mbizi chini ya gati, umeme wa gati la jirani uzimwe na ufunguo akae nao yeye, na boti za abiria zifunge upande mwingine injini zikiwa zimezimwa.